Faili Lililoingia Mara Kumi na Nne

Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018, saa nne kasoro robo asubuhi, matokeo ya mtihani wa Kanuni za Utumishi yalibandikwa kwenye ubao wa ghorofa ya chini, kati ya tangazo la lifti mbovu na tangazo lililosema ni marufuku kubandika matangazo. Karani daraja la tatu wa masjala alikuwa wa pili kutoka mwisho. Alipata alama 41. Aliyekuwa chini yake hakufika kwenye mtihani.

Alama ya kufaulu ilikuwa 60. Mwaka uliotangulia karani alikuwa amepata 43, maana yake ni kwamba mwaka mzima wa kusoma ulimpunguzia alama mbili. Kifungu cha 47 cha kanuni hizohizo kinasema mtumishi atakayeshindwa mara tatu hatapangiwa mtihani tena, na atabaki kwenye daraja lake mpaka atakapostaafu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Alikuwa amebakiza mara moja.

Kilichomuuma hakikuwa daraja lenyewe. Mkuu wa masjala, mzee mpole aliyekaa kwenye meza ya dirishani, alikuwa anastaafu mwisho wa Februari 2020, na meza ile haikaliwi na mtu wa daraja la tatu; masjala isipokuwa na wa daraja la pili, huletwa mtu wa nje. Karani alikuwa amekaa kwenye meza ya mlangoni, yenye upepo wa korido, kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo aliletewa wakuu wawili kutoka nje, na wote wawili yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Mmoja, karani alimfundisha hata tofauti ya faili la wazi na faili la siri, na baada ya wiki moja mtu huyo akampa onyo la maandishi kwa kuchanganya mafaili. Akishindwa tena, angemfundisha wa tatu.

Si kwamba hakusoma. Kitabu cha Kanuni kina kurasa 212 na alikuwa amekisoma mara kumi na moja. Mara ya kwanza alipiga mistari kwa kalamu ya njano kwenye mambo muhimu. Mara ya nne alinunua ya kijani, kwa yale yaliyo muhimu zaidi. Kufikia mara ya tisa hakukuwa na sentensi iliyobaki nyeupe, hata jina la mpiga chapa lilikuwa la waridi. Alikuwa akikifungua kitabu popote anakuta mambo anayoyafahamu, na moyo unatulia.

Aliyemvuruga utulivu huo alikuwa mpwa wake, binti wa mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ufamasia, aliyekuja kukaa nao likizo. Ilikuwa Jumamosi mchana sebuleni, ambako nusu moja ni ya familia na nusu nyingine ni ya cherehani, kwa kuwa mume wa karani ni fundi na chumba cha kazi hana.

"Mama mkubwa, funga kitabu," alisema binti.

"Nikifunga nitasomaje?"

"Funga tu. Haya. Mtumishi akiugua, likizo yenye mshahara kamili ni siku ngapi?"

Karani alifumba macho. "Iko ukurasa wa sabini na nne. Upande wa kushoto, juu. Nimepiga kijani."

"Sijauliza rangi."

"Chini yake kuna doa la chai."

"Siku ngapi, mama mkubwa?"

Mashine ya kushonea ikanyamaza. Fundi alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejiandaa kutoa hotuba. "Mke wangu, mwandikie msahihishaji hilo doa la chai. Pengine atakupa nusu alama."

"Wewe shona," alisema karani. Lakini siku hazikuja kichwani.

Binti alimweleza bila huruma, kama watu wa umri wake wanavyoeleza. Macho yake yamezoea kurasa, na akili imedhani mazoea ni kujua. Anakijua kitabu kama anavyomjua mtu wa mtaa wa pili: sura anaitambua mara moja, jina halijui. Dawa si kusoma mara ya kumi na mbili. Dawa ni kujiuliza swali kitabu kikiwa kimefungwa, kuhangaika kulijibu, kisha kuliacha likae. Unalirudia kesho. Ukilipata, unaliacha siku tatu. Ukilipata tena, wiki moja, halafu wiki mbili, halafu mwezi. Ukilikosa, hata kama ulikuwa umefika kwenye mwezi, linarudi mwanzo kabisa, kesho asubuhi.

"Yaani niliache mpaka nilisahau?"

"Mpaka ukaribie kulisahau. Hapohapo unalishika. Ukiligusa kila saa unajidanganya, na ukichelewa sana unaanza upya."

"Hii inafundishwa chuoni?"

"Chuoni tunafundishwa dawa mia nne na madhara yake. Haya tunafundishana wenyewe korido."

Fundi alikuwa na karatasi ngumu anazokatia mitindo. Alikata kadi 318, zote saizi ya kiganja, na pembe akazikata mviringo kwa mkasi kwa sababu hawezi kutoa kazi yenye pembe mbaya. Mbele ya kila kadi karani aliandika swali. Nyuma akaandika jibu na namba ya kifungu. Ilimchukua majuma matatu. Mume alipoona marundo yamefika chini ya cherehani alisema, "Nilioa karani, sasa naishi na kiwanda." Hata hivyo yeye ndiye aliyekuwa akimwuliza maswali asubuhi akinyoa ndevu, na kufikia Februari fundi huyu ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu alikuwa anajua posho ya safari ya kila daraja la utumishi.

Shida ilikuwa kupanga tarehe. Sanduku la viatu lenye vyumba vitano, ambalo mpwa alimtengenezea, lilivurugika mara ya kwanza lilipoanguka. Ndipo karani, akiwa amekaa kwenye meza ya mlangoni, alipoinua macho na kutazama ukuta ambao alikuwa ameutazama miaka kumi na tisa.

Ukutani pale kuna kabati la vishubaka thelathini na moja, kimoja kwa kila tarehe ya mwezi. Afisa anayetaka faili limrudie baadaye huandika juu yake "lirejeshwe tarehe kumi na mbili", na karani huliweka katika kishubaka cha kumi na mbili, akaliingiza kwenye daftari la marejesho. Tarehe ikifika, faili linakwenda mezani kwa mwenyewe, atake asitake. Kazi yake yote, ukiitazama vizuri, ilikuwa kuwakumbusha wakubwa mambo wanayokaribia kuyasahau. Hakuna siku hata moja aliyowahi kujirejeshea kitu yeye mwenyewe.

Kuanzia wiki hiyo kadi zake zikawa zinakaa ndani ya vishubaka, nyuma ya mafaili, kila moja kwenye tarehe yake. Saa mbili kamili asubuhi, kabla ya kumwita tarishi, alitoa kadi za siku, akazijibu akiwa amesimama, akazisambaza kwenye tarehe zake mpya. Dakika ishirini zilimtosha. Tarishi, mzee wa miaka hamsini na minane mwenye viatu vinavyosikika ghorofa mbili, alikuwa shahidi pekee.

"Dada, unaongea na kabati?"

"Naongea na kifungu cha themanini na tatu."

"Kinajibu?"

"Leo kimejibu."

"Basi kisalimie. Mimi kwa mkubwa wangu huu mwaka wa sita, sijajibiwa."

Mkubwa aliyemaanisha ni mkuu wa utumishi, anayekaa ghorofa ya tatu. Jina lake liko mlangoni kwa herufi za shaba, lakini jengo zima linamwita Nitaliona. Ukimpelekea faili anasema, "Acha hapo, nitaliona," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukufanyia hisani. Si mkali wala si mla rushwa, na kikao hakosi. Meza yake tu ndiyo mahali ambapo mambo hupumzika.

Jumanne, tarehe 9 Aprili 2019, karani aliamka na jino limevimba, akaenda zahanati. Hakukuwa na mtu wa kutoa kadi vishubakani. Tarishi alifika saa mbili na robo, akachota kila kilichokuwamo kwenye kishubaka cha tisa kama afanyavyo siku zote, akapandisha ngazi. Kadi kumi na moja ziliangukia ndani ya mfuko wake wa kubebea mafaili, akazitambua na kumwekea mwenyewe. Ya kumi na mbili ilikuwa imenasa kwenye kibanio cha faili la likizo. Ilifika ghorofa ya tatu ikiwa juu kabisa, kwa mwandiko safi wa masjala: *Mtumishi akifariki akiwa kwenye likizo bila malipo, nani anagharamia usafirishaji wa mwili?*

Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za jengo lile, Nitaliona alishughulikia kitu siku hiyohiyo. Aliandika pembeni: "Mhasibu, kwa maoni yako. Haraka." Mhasibu aliandika: "Sina fungu. Apewe mwanasheria." Mwanasheria aliandika: "Kabla ya maoni, ithibitishwe marehemu ni nani." Afisa ustawi wa watumishi hakusubiri uthibitisho. Alhamisi alisambaza waraka wa kuunda kamati ya mazishi, wajumbe saba, mwenyekiti yeye mwenyewe. Ijumaa, kwenye mkutano wa watumishi wote, Nitaliona aliwaomba wasimame dakika moja kumkumbuka "mwenzetu aliyetutoka akiwa mapumzikoni, mtu mchapakazi ambaye wengi wetu tulimfahamu". Walisimama. Wawili walifuta machozi. Karani alisimama nao, shavu bado limevimba, akijua jibu na namba ya kifungu.

"Alikuwa idara gani?" mtu wa nyuma alinong'ona.

"Nadhani uchukuzi," mwingine alijibu. "Yule mrefu."

"Ah, masikini. Mrefu yule."

Kamati ya mazishi ilikutana mara tatu. Ilivunjika ilipogundulika kwamba hakuna aliyetoweka, ingawa mjumbe mmoja aliandika pendekezo kwamba ibaki, isije ikahitajika. Karani aliitwa ghorofa ya tatu kujieleza. Alieleza yote kwa sentensi nne: mtihani, kadi, jino, kibanio.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa," alisema Nitaliona.

"Hakuna, mzee."

"Na hii kadi ni ya kusomea."

"Ndiyo, mzee."

Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kifungu cha kumwadhibu nacho na hajui kiko ukurasa gani. Mwisho alimpa onyo la mdomo kwa kuwapa viongozi usumbufu wa kufikiri. Maneno yake halisi yalikuwa "usumbufu wa kiofisi", lakini tarishi, aliyekuwa mlangoni, ndivyo alivyoyafikisha chini. Kadi ilirudi masjala ikiwa na sahihi tisa na mihuri minne. Karani aliisoma yote, mbele na nyuma. Hakuna aliyekuwa ameigeuza kuona jibu lililoandikwa upande wa pili. Aliipangia tarehe ya kesho, kwa kuwa kwa kanuni ya kadi, swali lisilojibiwa linaanza upya.

Tangu siku hiyo kadi zilikaa kwenye mkoba wake, na daftari tu ndilo lililotunza tarehe. Aprili zilikuwa 140 zilizofikia hatua ya mwezi mzima. Agosti zilikuwa 250. Oktoba zilibaki kadi sita tu zinazokataa, zote za hesabu ya pensheni. Aliziita wakorofi, na fundi aliwaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia nguo. Mteja mmoja aliondoka na suruali yenye fomula ya kiinua mgongo kwenye paja.

Mtihani ulifanyika Jumatano, tarehe 13 Novemba 2019. Swali la tisa liliuliza ni nani anayegharamia usafirishaji wa mwili wa mtumishi aliyefariki akiwa kwenye likizo bila malipo. Karani aliandika jibu, na kifungu cha 131, kwa mistari miwili. Afisa mmoja kijana wa ghorofa ya pili, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya mazishi, alisimulia baadaye akiwa anajicheka mwenyewe kwamba aliandika: "Suala hili liko kwa Mhasibu."

Matokeo yalibandikwa Jumatatu, tarehe 2 Desemba. Lifti ilikuwa bado mbovu. Karani alikuwa wa kwanza, kwa alama 84.

Tarishi alishuka ngazi akipiga viatu kwa makusudi. "Dada! Meza ya dirishani hiyo! Leo unanipa soda."

"Bado barua," alisema karani.

Hakuwa anajidai mnyenyekevu. Alikuwa amesoma. Kifungu cha 112 kinasema matokeo ya mtihani yatathibitishwa kwa barua iliyosainiwa na mkuu wa utumishi ndani ya siku tisini, na yasipothibitishwa yanafutika, na mtihani huo unahesabiwa kama ulioshindwa. Siku ya tisini ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Machi 2020. Siku ya mwisho ya kazi ilikuwa Ijumaa, tarehe 28 Februari. Kati ya karani na meza ya dirishani kulikuwa na sahihi moja, na sahihi hiyo ilikuwa ya Nitaliona.

Barua ilichapwa, ikawekwa ndani ya faili lake binafsi namba 0417, na Jumatatu, tarehe 9 Desemba, faili likapanda ghorofa ya tatu.

"Acha hapo, nitaliona."

Kila faili ni lazima lilale masjala. Saa kumi jioni tarishi hukusanya yote, yaliyoguswa na yasiyoguswa. La karani lilirudi halijaguswa. Alilirejesha kesho yake, na safari hii alilibeba mwenyewe. Hapa palikuwa na kikwazo ambacho mtu asiyesoma asingekijua: kifungu cha 9 kinamkataza mtumishi kujadili faili lake mbele ya afisa anayelishughulikia. Kulibeba si kulijadili, hilo alilihakikisha mara tatu. Lakini kusema "mzee, naomba usaini" kungetosha kuibatilisha barua yenyewe.

"Hili la nini?" aliuliza Nitaliona Jumanne.

"Siruhusiwi kulizungumzia, mzee."

"Basi acha hapo."

Jumatano aliuliza tena hili la nini. Alhamisi pia. Ijumaa aliuliza kama ni la yule aliyefariki. Jumatatu alilitumia kuwekea kikombe. Kufikia hapo karani alikuwa ameacha kumwona kama mkubwa. Usiku mmoja alilala akimchukia. Asubuhi alimwona kuwa kadi. Kadi korofi, ya kundi la pensheni, inayokosa kila siku na kwa hiyo inayorudi kesho. Alimfungulia mstari kwenye daftari lake la kusomea, chini ya wale sita.

Jumanne, tarehe 17 Desemba, Nitaliona alilitazama faili akakunja uso. "Hili si la yule... yule karani wa masjala?"

"Siruhusiwi kusema, mzee."

"Ni wewe! Hili ni lako!" Alifurahi kama mtoto aliyepatia kitendawili, akaliweka kando.

Karani alishuka akaandika alama ya vema. Siku tatu. Ijumaa, tarehe 20, mkubwa alijua kwamba ni la kupanda daraja. Wiki moja. Tarehe 27 alijua na alama: themanini na nne. Wiki mbili. Tarehe 10 Januari alitaja namba ya faili kabla karani hajafika mezani. Mwezi mmoja.

"Kwani ukilibeba kila siku ukamkalia kooni itakuwaje?" aliuliza fundi nyumbani. Hakuwa akitania, mashine ilikuwa imesimama kabisa.

"Nikimzidishia ataacha kuliona. Kitu cha kila siku hakionekani."

"Na mwezi ukiisha hajasaini?"

Karani alikata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye shati la mteja, akaukunja, akauweka mezani. "Zitabaki siku kumi na nane," alisema.

Jumatatu, tarehe 10 Februari, aliingia na faili. Nitaliona alikuwa anafunga mkoba wa safari. Alikuwa anakwenda kwenye semina ya wiki mbili kuhusu matumizi bora ya muda. Aliliona faili akacheka kwa furaha ya kweli.

"Sifuri nne moja saba. Karani wa masjala, daraja la tatu kwenda la pili, alama themanini na nne, kifungu cha mia na kumi na mbili. Umeona? Mimi sisahau."

"Naona, mzee."

"Na hili nilishasaini." Alimrudishia mkononi. "Kalihifadhi."

Karani alisimama pale na faili kifuani. Kifungu cha 9 kilimkaba. Alishuka ngazi zote, akaketi kwenye meza ya mlangoni, akafungua. Palipotakiwa sahihi palikuwa peupe.

Kwa siku mbili alikuwa kama aliyemwagiwa maji. Njia ile ilikuwa imefanya kazi vizuri kuliko ilivyopaswa. Mkubwa alikuwa amelikariri faili zima, akalizoea kiasi cha kuamini amelimaliza. Siku ya tatu alimpigia mpwa simu, akamsimulia yote.

"Mama mkubwa, ulikuwa unampelekea nini kila siku?"

"Faili."

"Ulikuwa unamwuliza nini?"

Karani alikuwa anatazama rafu ya vitabu, ambako kitabu cha Kanuni kilikaa na rangi zake zote. Alikuwa amemfanyia mkubwa kilekile alichojifanyia yeye mara kumi na moja. Alimwonyesha ukurasa. Hakumwuliza swali.

Nitaliona alirudi Jumanne, tarehe 25, akiwa na cheti cha semina. Faili liliingia siku hiyo kwa utaratibu wa kawaida. "Mama, hili nimeshalifanyia kazi." Liliingia Jumatano. "Unalirudisha la nini? Nyinyi masjala hamna mpangilio?" Mkuu wa masjala, aliyebakiza siku mbili kazini, alianza kufungasha vikombe vyake. Tetesi zilishuka kutoka ghorofa ya pili kwamba kuna mtu wa nje ameshaambiwa ajiandae. Mtu huyo, tarishi alisema, aliulizia kama meza ya dirishani ina droo inayofungwa.

Jumatano jioni fundi alikata kadi moja zaidi. Hii aliikata mviringo pembe zote nne kwa uangalifu kuliko nyingine zote. Karani aliandika mbele, akasoma kifungu cha 9 kwa mara ya mwisho, kwa sauti, neno kwa neno. Kilikataza kujadili, kushawishi na kulalamika. Kuuliza hakikutaja.

Alhamisi, tarehe 27, saa tatu asubuhi, aliweka faili mezani kwa Nitaliona, likiwa limefungwa, na juu yake akaweka kadi.

Mkubwa aliisoma kwa sauti. "Barua iliyomo katika faili namba 0417 ilisainiwa tarehe ngapi?" Akainua macho. "Hii ni ile michezo yako?"

"Ni swali tu, mzee."

"Ilisainiwa Januari."

"Tarehe ngapi, mzee?"

"Kumi. Hapana. Ilikuwa Ijumaa ile... Tarehe ishirini na saba, Desemba." Alijikuna shingo. Alikuwa ametoka semina na cheti kilikuwa tayari kwenye fremu mpya nyuma yake. "Jibu liko wapi? Si huwa liko nyuma?"

"Huwa liko nyuma, mzee."

Aligeuza kadi. Nyuma palikuwa peupe. Aliigeuza tena mbele, kisha nyuma.

"Hukuandika."

"Jibu sinalo, mzee. Nadhani limo humo ndani."

Ndipo mkuu wa utumishi alipofungua faili ambalo lilikuwa limeingia ofisini mwake mara kumi na nne. Alitafuta tarehe kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kwanza kwa uhakika, kisha polepole. Kidole chake kilishuka mpaka chini ya barua, kikasimama. Hakusema samahani, na karani hakutegemea aseme. Alichukua kalamu, akasaini, akaandika tarehe 27 Februari 2020, akagonga muhuri mara mbili, wa pili bila sababu.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Aliichukua ile kadi, akageuza nyuma, akaandika jibu: *27/2/2020*. Akaitazama.

"Hii inabaki kwangu," alisema. "Na mengine ya aina hii, yaliyokaa hapa... yapo mengi?"

Karani alikuwa na daftari. "Kwa hesabu ya jana, mzee, yako mia na tisa."

Nitaliona alitazama dirishani. "Niletee machache machache," alisema.

Jumatatu, tarehe 2 Machi, karani daraja la pili wa masjala atahamia meza ya dirishani, na tarishi atapata soda yake. Saa tatu kamili asubuhi hiyo kadi tano za kwanza zitapanda ghorofa ya tatu. Zitakazokosa jibu zitarudi huko Jumanne.